Mersenne alitoa jibu, Lucas akaonyesha njia

Chukua bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 yaliyopangwa kwa safu nne, manane kila safu. Katika shimo la kwanza tia kete moja. La pili tia mbili, la tatu nne, la nne nane, uendelee hivyo hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lililotangulia. Hakuna mchezaji, awe wa Lamu, Mombasa au Unguja, mwenye komwe za kutosha kuumaliza mchezo huu, lakini hesabu yake yafanyika kwa kalamu. Ukikoma kwenye shimo la 31, ukaliacha lile la mwisho tupu, jumla ya kete zote ubaoni itakuwa 2,147,483,647. Jumla hiyo haigawiki. Huwezi kuigawa sawasawa kwa watu wawili, wala watatu, wala saba, wala elfu moja na mmoja. Atazitwaa zote mtu mmoja, au waje watu idadi hiyo hiyo kila mmoja apate kete yake moja. Ukilijaza na lile shimo la 32, jumla inakuwa 4,294,967,295, na hapo hata mtoto wa darasa la nne ataitazama tarakimu ya mwisho na kukuambia kwamba inagawanyika kwa 5.

Nambari kama ile ya kwanza Kiswahili huiita nambari tasa. Jina hilo lina ukali wake, kwani tasa ni kiumbe asiyezaa, ilhali nambari hizi ndizo zinazozizaa nyingine zote. Sitini ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Tisini na moja ni 7 mara 13. Hakuna nambari nzima inayozidi 1 ambayo, kama si tasa yenyewe, haikutokana na kuzidishana kwa tasa, tena kwa namna moja tu. Lakini jina limekwisha kukaa, nami si wa kulitangua.

Swali ninalotaka kulileta mbele ya walimu na wanafunzi leo si la jina. Ni hili: huyo aliyesema kwamba 2,147,483,647 ni tasa, alijuaje? Nauliza kwa sababu katika madarasa yetu nambari tasa aghalabu hufundishwa kama orodha ya wafalme. Mwanafunzi hukariri 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea mpaka 97, akaitapika orodha hiyo siku ya mtihani, kisha akaisahau. Muulize kuhusu 91, atakwambia ni tasa kwa kuwa inafanana na wenzake. Muulize kwa nini 97 ni tasa, atakwambia imo kitabuni. Huyu hajafundishwa hisabati. Amefundishwa kuamini, na kuamini kuna mahali pake, lakini si hapa.

Basi na tuichukue nambari moja kubwa ambayo kitabu hakiwezi kumsaidia mtu, tuone waliotutangulia walifanyaje. Panga mabao manne badala ya moja. Yatakuwa na mashimo 128. Acha shimo moja tupu, ujaze 127 yaliyosalia kwa utaratibu ule ule wa maradufu. Jumla ya kete ni 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1. Ikiandikwa kamili ni hii:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Ina tarakimu 39. Wataalamu huiandika kwa ufupi M127. Herufi M ni kwa heshima ya Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1588 na kufariki mwaka 1648, ambaye chumba chake mjini Paris kilikuwa kama posta ya wanahisabati wa Ulaya, kwa jinsi walivyokuwa wakimwandikia na yeye kuwaandikia wengine. Mwaka 1644, katika dibaji ya kitabu chake, Mersenne alitamka kwamba ukichukua 2 kwa kipeo fulani na kutoa 1, utapata nambari tasa pale kipeo kinapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba mpaka kufikia 257 hapana vipeo vingine.

Hakutoa uthibitisho. Wala asingeweza, maana yeye mwenyewe alikiri kwamba kuijaribu nambari ya tarakimu 15 au 20 ili kujua kama ni tasa kungeshinda muda wote ulioko duniani. Hata hivyo aliitaja nambari ya tarakimu 39, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Ulimwengu ulingojea zaidi ya karne mbili kujua alikuwa sahihi wapi na alikosea wapi.

Kwanza tuone kwa nini haikuwa rahisi. Njia ambayo kila mwanafunzi anaijua ni kuigawanya nambari kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kuendelea mpaka kufikia kipeuo chake cha pili. Ikiwa hakuna kilichoigawanya mpaka hapo, hakuna kitakachoigawanya mbele, kwa sababu vigawo huenda wawili wawili, na mmoja katika kila jozi hauwezi kukizidi kipeuo cha pili. Kwa 97 kazi ni ya dakika moja: kipeuo chake hakifiki 10, basi jaribu 2, 3, 5 na 7, umemaliza. (Mwanafunzi ajuaye jambo hili hahitaji kuikariri orodha.) Kwa M127 kipeuo cha pili ni takribani 13 ikifuatwa na sufuri 18. Mtu akijaribu kigawo kimoja kila sekunde, bila kulala wala kula, atahitaji zaidi ya miaka bilioni 400. Wanaanga wanatuambia ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 14 hivi.

Kwa hiyo nguvu peke yake haifui dafu. Yahitajika hila, nayo hila ya hisabati ni kuitazama nambari kwa karibu mpaka ikuonyeshe tabia yake.

Tabia ya kwanza ya M127 huonekana inapoandikwa katika mfumo wa kizio cha 2, ule wa tarakimu 0 na 1 pekee ambao kompyuta huutumia. Huko M127 ni 1 zilizopangwa mstari mmoja, 127, bila sufuri hata moja. Nambari za aina hii zina siri iliyo wazi. Chukua 1 kumi na tano mfululizo, yaani 2 kwa kipeo cha 15 toa 1, ambayo ni 32,767. Kumi na tano hugawika mafungu matano ya tatu tatu, basi 111, ambayo kwetu ni 7, huigawanya. Hugawika pia mafungu matatu ya tano tano, basi 11111, ambayo ni 31, nayo huigawanya. Na kweli, 32,767 ni 7 mara 31 mara 151. Ni jambo lile lile linalofanya 999,999 igawanyike kwa 99 na kwa 999. Kwa hiyo kama kipeo chenyewe si tasa, nambari nayo haiwi tasa. Na 127 ni tasa. Mlango wa kwanza umefunguka.

Lakini ni mlango wa kwanza tu. Kipeo 11 ni tasa, na bado 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Hapa ndipo wengi walipojikwaa hapo kale, wakidhani kwamba tasa ya kipeo yatosha.

Tazama vigawo hivyo viwili, 23 na 89. Ukivitolea 1 kila kimoja, unapata 22 na 88, na zote zinagawanyika kwa 11. Si sadfa. Kigawo chochote cha nambari ya Mersenne yenye kipeo tasa kisichokuwa 2, ukikitolea 1, ni lazima kigawanyike kwa maradufu ya kipeo chake. Kwa tabia hii, na nyingine inayofanana nayo, Leonhard Euler, Mswisi aliyeitumikia Urusi muda mrefu, aliikabili M31, ile jumla ya kete zetu za bao moja. Kati ya maelfu ya vigawo vilivyowezekana, vilibaki 373 tu vya kufikiriwa, na vingi katika hivyo si tasa, kwa hiyo havikuhitaji kujaribiwa. Mwaka 1772 alitangaza kwamba hakuna hata kimoja kinachoigawanya. Jibu la swali nililouliza hapo juu ni hilo: Euler alijua kwa sababu aliwahoji mashahidi wote wanaoweza kuwapo, na aliweza kuonyesha kwamba hakuna wengine.

Hila hiyo, hata hivyo, ingekwama mbele ya M127. Ukivibakiza vigawo vyenye umbo hilo tu, ile miaka bilioni 400 hupungua ikawa bilioni moja na nusu na ushei. Ni nafuu ya mdaiwa aliyesamehewa shilingi moja.

Aliyelivuka pengo hilo alikuwa mwalimu wa shule ya upili. Nalitaja hili makusudi, kwani magazetini mwalimu wa shule hutajwa zaidi panapozuka mgomo. Édouard Lucas alizaliwa mwaka 1842 huko Amiens, Ufaransa, akawahi kufanya kazi katika kituo cha elimu ya nyota mjini Paris, akapigana kama afisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akashika chaki. Ndiye pia aliyebuni, mwaka 1883, ule mchezo wa Mnara wa Hanoi ambao baadhi ya walimu huutumia darasani, wa kuhamisha visahani kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Anayeujua mchezo huo atakumbuka kwamba hatua chache kabisa za kuhamisha visahani saba ni 127, yaani 2 kwa kipeo cha 7 toa 1. Mtu huyu nambari hizi hazikumtoka akilini hata alipokuwa akicheza.

Lucas hakuishambulia M127 yenyewe. Alimwendea jirani yake. Nambari inayofuata baada ya M127 ni 2 kwa kipeo cha 127 kamili, na hiyo tunaijua ndani nje: haina kigawo tasa chochote isipokuwa 2. Je, ujirani huo unaweza kutumika kama ushahidi? Lucas aligundua kwamba waweza, na daraja lake ni ule mfuatano wa Fibonacci ambamo kila nambari ni jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21. Itazame ya nane, 21. Ndiyo ya kwanza katika mfuatano kugawanyika kwa 7, na nane ni 7 kuongeza 1. Kwa nambari za Mersenne ambazo kipeo chake, kikigawanywa kwa 4, hubakiza 3, kama vile 3, 7, 11 na 127, kuwa tasa na kujitokeza kwa mara ya kwanza mahali hapo penye nafasi ya jirani ni jambo moja na lile lile. Isipokuwa tasa, haijitokezi hapo.

Nafasi yenyewe, kwa M127, ni ya mbali kupita kiasi. Hakuna wa kuuandika mfuatano mpaka huko. Lakini kwa kuwa nafasi hiyo ni kipeo cha 2, yafikika kwa kuruka maradufu, kama kete zetu, badala ya kutembea hatua kwa hatua. Na kuruka kwenyewe ni kwepesi ajabu. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 7. Izidishe 7 kwa yenyewe, toa 2, unapata 47. Fanya hivyo tena na tena, na kila mara nambari inapoizidi ile unayoichunguza, igawanye nayo na ubaki na baki tu. Idadi ya marudio ni kipeo kutoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, nambari ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Tujaribu kwa 127 ndogo, yaani M7. Marudio ni matano. Kutoka 3 twapata 7, kisha 47. Arobaini na saba mara 47 toa 2 ni 2,207, na ukigawanya kwa 127 linabaki 48. Arobaini na nane mara 48 toa 2 ni 2,302, linabaki 16. Kumi na sita mara 16 toa 2 ni 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili. Baki ni 0. Kwa hiyo 127 ni tasa, na hatukuigawanya kwa 3, wala 5, wala 7, wala 11.

Sasa mwalimu na alipeleke jambo hili darasani kwa 2,047, ambayo tayari twajua ina vigawo. Marudio ni tisa. Kuanzia 3 mabaki yanakuja hivi: 7, 47, 160, 1,034, 620, 1,609, 1,471, halafu 160 tena, halafu 1,034 tena. Hatua ya tisa imefika na 0 haikuonekana. Zaidi ya hayo, haitaonekana kamwe hata ukiendelea mpaka kiyama, kwa sababu 160 imekwisha kuirudia njia yake, na mabaki yatazunguka papo hapo kama ngamia wa kinu cha kukamulia simsim. Wanafunzi wakikiona kizunguko hicho kwa macho yao, kwa kalamu zao, watakuwa wameona kitu ambacho orodha ya tasa haiwezi kuwaonyesha.

Kwa M127 marudio ni 125. Linganisha 125 na miaka bilioni 400. Naam, kila rudio ni kuzidisha nambari ya tarakimu 39 kwa yenyewe, na hiyo si kazi ya kitoto. Lakini kugawanya hakukuwa na uzito. Kila mwalimu anajua kanuni ya 9: kupata baki la nambari ikigawanywa kwa 9, jumlisha tarakimu zake, kwa kuwa 10 ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Vivyo hivyo, 2 kwa kipeo cha 127 ikigawanywa kwa M127 hubakiza 1. Basi katika kizio cha 2, tarakimu zinazovuka nafasi ya 127 unazikata, unazirudisha mwanzoni, unazijumlisha. Lucas alieleza jinsi hesabu hiyo yaweza kufanywa juu ya ubao wa miraba kama wa sataranji, wenye miraba 127 kila upande. Mwaka 1876 alitangaza kwamba M127 ni tasa. Maelezo yake ya nadharia yalikuwa na mapengo, nayo yalizibwa katika miaka ya 1930 na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, aliyeirekebisha kanuni ianzie 4 badala ya 3 ili ifae kwa kila kipeo tasa isipokuwa 2.

Mersenne, basi, alikuwa sahihi kuhusu 127. Tumpe sifa gani? Mwaka ule ule wa 1876 Lucas alionyesha kwamba M67, ambayo Mersenne aliiweka katika orodha, si tasa. Baadaye ikabainika kwamba hata 257 haikustahili kuwamo, na kwamba 61, 89 na 107 zilizostahili ziliachwa nje. Makosa matano katika orodha fupi kama ile ni mengi. Kila mwalimu wa hisabati aliyewahi kusahihisha mtihani amekutana na karatasi ya namna hii: majibu yamepangwa vizuri, mengine sahihi, mengine si sahihi, na hakuna mstari hata mmoja wa kazi iliyofanywa. Mwenye karatasi hiyo hujitetea kwamba 127 aliipata. Nionavyo mimi, hakuipata. Aliiokota. Mwenye kuipata ni yule aliyetuachia njia ya kuipitia sisi wenyewe, hata kama njia yake ilikuwa na mashimo machache ya kuzibwa na waliokuja nyuma.

Kisa cha M67 chastahili neno zaidi, maana ndicho kinachowatatiza wanafunzi kuliko vyote. Lucas alisema haikuwa tasa, lakini hakutaja kigawo chake hata kimoja. Inakuwaje mtu ajue kwamba kitu kinagawanyika bila kujua kinagawanywa na nini? Kwa hali hiyo hiyo ambayo 2,047 ilijisaliti mbele yetu kwa kuzungukazunguka bila kufikia 0, na hatukuwa na haja ya kuitaja 23 wala 89. Vigawo vya M67 vilikaa vimefichika miaka 27. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alivitoa hadharani. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno: alikwenda ubaoni, akapiga hesabu ya 2 kwa kipeo cha 67 toa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927, kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, mpaka majibu mawili yakalingana, akarudi kukaa, nao waliohudhuria wakampigia makofi. Yamkini hadithi imetiwa chumvi kidogo, kama ilivyo ada ya hadithi za wakubwa. Zao lenyewe halikutiwa chumvi. Mwenye shaka na alizidishe.

Tofauti hii kati ya kujua kwamba nambari ina vigawo na kuvijua vigawo vyenyewe si mchezo wa wanafalsafa. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliitumia kujenga namna ya kuficha ujumbe, kwa kuwa ni rahisi kuzipata tasa mbili kubwa na kuzizidisha, lakini ni kazi pevu mno kuzitenganisha. Na ile sifa nyingine ya M127, ya kuwa pua na mdomo na kipeo cha 2 hata kugawanya kukageuka kuwa kukata na kujumlisha, wahandisi wa leo wanaitafuta kwa bidii. Ujumbe wa WhatsApp unaotumwa kutoka Kisumu kwenda Malindi hulindwa kwa hesabu zinazofanywa juu ya nambari tasa ambayo ni 2 kwa kipeo cha 255 toa 19. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Microsoft walitoa mfumo mwingine wa aina hiyo uliojengwa juu ya M127 yenyewe.

Kwa miaka 75, tangu 1876 hadi 1951, M127 ndiyo iliyokuwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mwaka huo wa 1951 Mfaransa Ferrier aliipita kwa mashine ya mezani ya kupigia hesabu, akafika tarakimu 44. Mwaka huo huo Miller na Wheeler, kwa kompyuta ya Cambridge iliyoitwa EDSAC, wakafika tarakimu 79, na nambari waliyoipata ilikuwa 180 mara M127 mara M127, kuongeza 1. Mshindi alimpanda aliyeshindwa mgongoni. Tangu hapo mashindano yamekuwa ya mashine. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya tarakimu 41,024,320, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, na iliposahihishwa kwa hakika ya mwisho kanuni iliyotumika ilikuwa ile ile ya Lucas na Lehmer: zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya, tazama baki.

Limebaki jambo moja ambalo Mbelgiji Eugène Catalan alilidokeza mwaka ule ule Lucas alipotoa tangazo lake. Anza na 2. Chukua 2 kwa kipeo cha 2 toa 1, unapata 3, ambayo ni tasa. Chukua 2 kwa kipeo cha 3 toa 1, unapata 7, tasa. Kwa kipeo cha 7, unapata 127, tasa. Kwa kipeo cha 127, unapata M127, nayo ni tasa. Je, 2 kwa kipeo cha M127 toa 1? Idadi tu ya tarakimu zake ni nambari yenye tarakimu 38. Kanuni ya Lucas haiwezi kuifikia, kwani marudio yake yangekuwa M127 kutoa 2, na karatasi ya kuandikia rudio moja haipo duniani. Imebaki njia ya Euler: kigawo chake chochote, ukikitolea 1, ni lazima kigawanyike kwa maradufu ya M127, kwa hiyo hata kile kidogo kabisa kinachoweza kufikiriwa kina tarakimu 39. Watafutaji wamekwisha kuvijaribu vingi vya umbo hilo kwa kompyuta, na hakuna hata kimoja kilichoigawanya.